Mwaka wa Kaburi la Kwanza

Barua ilikuwa na kurasa tisa, na msomaji wake alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Miradie hakuwa amevua hata sare ya shule. Alikaa kwenye kochi katikati ya baba na mama, katika nyumba yao ya kupewa na serikali, ghorofa ya tatu, Edmonton, London. Alikuwa anasoma Kiingereza kimoyomoyo, kisha anakitoa kwa Kiswahili kidogo kidogo kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba. Hakuna mtoto anayestahili kazi hiyo, lakini wazazi walio ugenini wana mkalimani gani mwingine wa kumwamini?

"Wamekataa," alisema.

"Hiyo tumeona," alisema baba yake, Alexis. "Soma pahali wanasema ni juu ya nini wamekataa."

Miradie alipindua kurasa mpaka aya ya kumi na nne. "Wanasema Mama hatoki Santodili. Kule kwenye interview walimuuliza Santodili ilianzishwa mwaka gani, akasema 1891. Kitabu chao kinasema 1887. Wakamuuliza ni nani aliianzisha. Akasema..." Akamtazama mama yake. "Akasema ni mwanamke anaitwa Kijakazi. Kitabu kinasema ni mapadri Wafaransa. Walipomuuliza huyo Kijakazi ni nani, akanyamaza. So wanasema kama hajui mwanzo wa mji wake, si wa kule. Na kama si wa kule, hakuona kitu."

Hapo ndipo penye roho ya nyumba nzima. Miaka mitatu nyuma Generosa alitoka kwa mume wake Uvira akaenda kwao Santodili kumzika mama yake, na siku ya tatu ya matanga waasi wakaingia. Alichokiona akiwa amejificha kwenye shamba la mihogo alikuja kukisema kwa wachunguzi wa kigeni, akataja na majina ya makamanda. Tangu hapo walikuwa watu wa kuwindwa. Maombi ya kukaa Uingereza yalikuwa kwa jina lake. Alexis na mtoto waliandikwa chini yake, na Alexis, aliyekuwa mwalimu wa hesabu na mtu wa kuheshimiwa, hakuipenda hata siku moja karatasi hiyo.

"Mama Miradie," alisema polepole, kwa sauti ya mwalimu aliyekuta kosa la kijinga kwenye daftari. "Kila mtu anajua ni mapadri walijenga kule. Hata mimi ambaye nililala kule siku mbili tu, za kutoa mahari, ninajua. Huyu Kijakazi umemtoa wapi?"

"Nilisema vile tunasemaka kwetu."

"Na kwenu munasemaka nini?"

Generosa alisimama akaenda jikoni kuangalia maharage. Maharage hayakuwa na shida yoyote. Mwanamke huyu kanisani aliitwa Redio, kwa jinsi alivyojua kusimulia, na sasa alikuwa amesimama mbele ya sufuria bila neno moja mdomoni. Alexis aliliona hilo, likamtia hofu kuliko ile barua.

*

Wakili wao alikuwa na ofisi Queensbury, juu ya duka la sari. Aliitwa Pushpa, mama wa makamo aliyezaliwa Kisumu na kukulia kwenye kaunta ya duka la baba yake. Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha kaunta: hakipambi wala hakitukani, kinafanya kazi.

"Sikiza, Mama. Kitabu nasema hivi, wewe nasema vile. Judge tauliza sababu. Wewe iko na jibu?"

"Iko," alisema Generosa.

"Haya, sema."

Generosa alimtazama mume wake, kisha akatazama mapaja yake. "Si hapa."

Pushpa aliweka kalamu chini. "Baba, wewe toka kidogo. Nunua chai hapo chini."

"Kwa nini nitoke? Mimi ni mume wake," alisema Alexis. "Hakuna neno la mke wangu ambalo sijui."

Pushpa alikuwa amewaona waume wengi waliosema maneno hayo kwenye kiti kile kile. Hakubishana naye. Alisubiri, Generosa naye akasubiri, na Alexis akakaa papo hapo amekunja mikono kama mlinzi wa benki, hata dakika zikaisha na mteja mwingine akagonga mlango. Basi Pushpa akatoa ukurasa alioupata maktaba, wenye historia ya Santodili.

"Hii ndiyo kitabu yao. Soma, jua wao nasema nini. Lakini hapana jifunza kama kasuku! Wewe nabadilisha jibu, judge naona mara moja. Mimi nataka sababu. Wiki tatu iko. Kama hapana sababu, appeal nakufa, na nyumba nachukua."

Alexis alikuwa ameshaukunja ule ukurasa na kuutia mfukoni.

*

Kasuku ndiye aliyefundishwa. Kila jioni Miradie akitoka shule, Alexis aliutandaza ukurasa mezani na kumuuliza mke wake kama anavyouliza darasa la nne.

"Mwaka?"

"Elfu moja mia nane themanini na saba."

"Nani?"

"Padri Anselme Roussin na wenzake wawili."

"Walifika namna gani?"

"Kwa mitumbwi. Walipanda mto Luvunzo, wakajenga ngome ya udongo mpakani, ng'ambo ya Wajerumani. Wakaiita Sainte-Odile."

"Wakaaji wa kwanza?"

Hapo Generosa alikwama kila siku. Ukurasa ulisema wakaaji wa kwanza walikuwa wenyeji waliovutiwa na dini. Alikuwa akifungua mdomo kulisema hilo, na mdomo ukagoma.

"Mama, Kijakazi ni nani?" aliuliza Miradie siku moja, kwa Kiingereza, bila kuinua macho kwenye kazi yake ya shule.

"Nenda ukalale."

"Ni saa kumi na moja jioni, Mama."

Generosa alijua, maskini. Hakuna aliyejua kuliko yeye. Pale ukingoni mwa Luvunzo hapakuwa na mwenyeji hata mmoja; wenyeji walikuwa wamekimbilia milimani kwa kuogopa misafara ya watumwa. Wale mapadri Wafaransa walijenga ukuta, halafu wakatafuta watu wa kuweka ndani ya ukuta, wakawanunua. Waliwakomboa kutoka misafara ya watu wa pwani, huyu kwa vitambaa, huyu kwa chumvi, mtoto kwa mkufu wa shanga. Miaka minne watu wale walilala vichwa vyao juu ya vifurushi vilivyofungwa tayari, kila mmoja akingoja siku ya kutoroka arudi kwao, ingawa wengi walichukuliwa wadogo mno kujua kwao ni wapi. Padri Roussin aliandika kwenye daftari lake kwamba mji umesimama. Wenyewe waliuita kambi.

Kisha akafa mwanamke mmoja kwa uzazi. Jina lake alilopewa na mama yake halikujulikana; msafara ulimwita Kijakazi, na jina hilo ndilo alilozikwa nalo. Mume wake alichimba kaburi mwenyewe, na kesho yake akapanda mihogo kando yake, akasema yeye haondoki tena, hawezi kumwacha huyu peke yake. Wengine wakamtazama, wakafungua vifurushi. Ulikuwa mwaka 1891. Kwa watu wa Santodili mahali ambapo hujamzika mtu wako hapajawa kwenu, na kwa hesabu hiyo mji wao ulianza siku ile, na aliyeuanzisha ni yule aliyelala chini.

Kila mwaka, asubuhi ya Siku ya Kaburi, wana wa Santodili walisimama pale mmoja mmoja, kila mtu akataja aliyenunuliwa katika ukoo wake na alinunuliwa kwa kitu gani. Wakwe hawakualikwa, waliambiwa ni misa ya marehemu, wakaachiwa chungu cha kuangalia jikoni. Na mtoto akishapata akili alionywa: neno hili halivuki mto. Kwa mtu wa pwani ndiyo usilitoe kabisa, asije akakuambia, ninyi mlikuwa wetu. Siku ya interview mkalimani alikuwa mtu wa pwani, mwenye kofia na ndevu za mvi. Generosa alitaja mwaka na jina kwa sababu hakujua mwaka mwingine wala jina lingine. Maelezo akayameza.

Lakini mtu wa pwani alikuwa mzigo mdogo. Mzigo mkubwa ulilala naye kitanda kimoja. Watu wa Alexis ni watu wa kuhesabu koo. Walipokuja kuposa, miaka kumi na sita iliyopita, waliuliza binti huyu ni wa ukoo gani, na baba yake Generosa, bila kupepesa jicho, akataja ukoo wa chifu Mulamba wa ng'ambo ya mto. Generosa alikuwa nyuma ya pazia, akasikia, akanyamaza. Kimya hicho kilimzalia ndoa, mtoto, na mume ambaye hata London alikuwa akijisifu kanisani: "Mke wangu mnayemwona hapa, ana damu ya chifu."

*

Siku ya kesi, mwezi wa tatu mwaka 2003, waliingia katika chumba kidogo kisicho na dirisha. Jaji alikuwa mzee wa Kizungu mwenye miwani iliyoteremka puani. Wakili wa serikali alikuwa kijana mwenye mafua. Na mkalimani aliyekuwa ameketi tayari, mikono juu ya meza, alikuwa mwenye kofia na ndevu za mvi, yule yule.

"Naitwa Hamad," alisema kwa sauti ya upole ya kwao Pemba. "Unanifahamu nikisema, bibi?"

"Ninakusikia, baba."

Pushpa aliinama sikioni kwake. "Iko shida na huyu? Sema sasa, tabadilisha. Lakini kesi nasogea miezi sita."

Miezi sita mingine ya kuogopa kila barua. "Hapana shida," alisema Generosa.

Alianza kikasuku. Mwaka 1887, Padri Roussin, mitumbwi, ngome. Alexis, nyuma, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kijana mwenye mafua alipiga chafya, akafungua faili lake.

"Kwenye mahojiano ulisema 1891. Umejifunza lini mwaka mpya?"

Hamad akatafsiri. Kijana hakungoja jibu.

"Umesoma mahali, sivyo? Mtu amekupa ukasome."

"Ndiyo," alisema Generosa.

Pushpa alifumba macho. Nyuma, kiti cha Alexis kilikwaruza sakafu.

"Kwa hiyo hujui mji huo ulianzaje."

"Ninajua. Ile ya kitabu ndiyo sikujua."

Jaji aliinua kichwa. "Basi tuambie unachojua, bibi. Huyo Kijakazi ni nani?"

Alimtazama Hamad. Alitaka kugeuka amtazame na Alexis, shingo ikakataa. Akawaza kochi lile la Edmonton na mtoto anayesoma barua nyingine, ya mwisho. Wale makamanda aliowataja walikuwa bado hai, na walikuwa na bunduki. Akashika ukingo wa meza, na akiwa ameushika akaanza kusema.

Alisema yote. Ukuta, vitambaa, chumvi, vifurushi, kaburi, mihogo. Mkalimani ana sheria yake: mtu akisema mimi, naye husema mimi. Kwa hiyo Generosa aliposema, "Mimi ni mtoto wa watu walionunuliwa, misafara ya watu wa pwani iliwafunga babu zangu shingoni," ilikuwa juu ya Hamad wa Pemba kuyatamka hayo kwa Kiingereza, kwa kinywa chake, kama yake. Alivua kofia, akaiweka mezani. Kisha akayasema yote, hakupunguza hata moja, akaomba maji.

"Kijakazi alikufa, mtoto akapona," Generosa aliendelea. "Yule mtoto, Marie-Odile, ndiye aliyemzaa bibi yangu. Mimi kila mwaka nilikuwa nikisimama pale ninasema: wangu alinunuliwa na vitambaa viwili na mfuko wa chumvi."

Kijana mwenye mafua alikuwa amengoja. Alitoa karatasi. "Hii ni taarifa ya mume wako, yenye sahihi yake. Anasema wewe ni wa ukoo wa chifu Mulamba. Kizazi cha chifu, au kizazi cha watumwa? Nani kati yenu anasema uongo?"

Jaji aliweka kalamu chini. Sasa Generosa aligeuka. Alexis alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti chake, macho wazi, kama mtu aliyeitwa jina na hajui aitike au asiitike.

"Mume wangu aliandika vile alivyoambiwa," alisema Generosa, akimtazama yeye. "Baba yangu aliwadanganya siku ya mahari. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka kumi na sita. Sina ukoo mimi. Niko na lile kaburi tu."

Alexis alisimama akatoka nje. Alifunga mlango taratibu, na Generosa angependa zaidi kama angeubamiza.

*

Kwenye basi la kurudi Alexis alikaa kiti cha mbele na Generosa cha nyuma, kama watu wasiojuana. Usiku ule alihamishia shuka lake kwenye kochi. Asubuhi alikunja shuka, akanywa chai, akaenda kutembea barabarani kwa sababu kazi hakuruhusiwa. Akirudi alizungumza kwa kupitia mtoto. "Mwambie mama yako chumvi imekwisha." Na mama yuko pale pale, hatua mbili, anasikia. Siku ya tano Miradie alichoka.

"Mwambie wewe mwenyewe," alisema kwa Kiswahili, akaingia chumbani kwake.

Jumapili kanisani mtu mmoja alimtania kama kawaida: "Malkia wetu hajambo, huyu wa damu ya chifu?" Alexis alicheka kicheko kifupi kilichomchubua Generosa kuliko tusi. Angemtukana, ingekuwa nafuu. Alijua kosa ni lake na la baba yake, aliona aibu, na juu ya aibu aliona hasira pia, maana hakuwa amemwua mtu. Alikuwa amezaliwa tu.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Kurasa zilikuwa sita. Miradie alikaa tena katikati, na safari hii Alexis akamshikia karatasi upande mmoja.

"Tumeshinda," alisema. "Wamekubali! Wote watatu."

Generosa alifunika uso kwa kitenge akalia kwa sauti. Alexis alisema, "Soma juu ya nini." Miradie akatafuta, akatafsiri neno kwa neno:

"Judge anasema: mtu akitunga uongo, hutunga wa kumpandisha. Huyu alisema jambo la kumshusha, mbele ya mume wake, na nilimwona mume wake alipolisikia. Namwamini."

Alexis aliomba airudie sentensi ile. Alipoisikia mara ya pili aliinuka akavaa koti, akasimama katikati ya chumba, na ilikuwa wazi hakuwa na pa kwenda. Basi akachukua simu akampigia kaka yake mkubwa, Kamande, kule Uvira. Habari kama hiyo haikai na mtu mmoja.

"Kaka! Tumepata! Ndiyo, karatasi!" Sauti ya Kamande ilipasuka kwenye simu kwa shangwe, mpaka walioko kwenye kochi wakasikia. "Namna gani? E-e, solicitor wetu ni mama mkali sana. Na judge naye..." Alexis aliwapa mgongo. "Judge aliona tu. Damu ya chifu haijifichi."

Generosa alishusha kitenge usoni. Alikuwa amelisema lile neno mbele ya jaji, mbele ya mtu wa pwani, na sasa linarudishwa nyuma ya pazia, ndani ya nyumba aliyokuwa ameilipia kodi kwa aibu yake. Akasimama, akanyoosha mkono.

"Nipe simu."

"Mama Miradie, acha kwanza."

"Nipe."

Akampa. Labda kwa kuchoka, labda kwa kutojua la kufanya.

"Shemeji, ni mimi Generosa. Karatasi tumepata juu nilisema ukweli. Mimi si wa Mulamba. Baba aliwadanganya. Watu wangu walinunuliwa na mapadri, na wa kwangu alinunuliwa na vitambaa viwili na chumvi. Nimesema mbele ya judge, na nakuambia na wewe, usije ukaisikia kwa mwingine."

Kisha Kamande akasema, kwa sauti iliyopoa kabisa, "Mpe Alexis."

Alexis aliipokea simu akaiweka sikioni. Maneno ya Kamande yalisikika vipande vipande: baba yake mwizi, ng'ombe wetu, mimi nilijua, wazee watasema nini, umrudishe. Alisema kwa muda mrefu. Miradie alikuwa amemshika mama yake mkono.

"Umemaliza, Kaka?" aliuliza Alexis.

Kamande hakuwa amemaliza. Aliendelea mpaka kwenye hesabu ya ng'ombe, mmoja mmoja, na rangi zao. Alexis alimsikiliza mpaka wa mwisho.

"Wale ng'ombe walikufa zamani," alisema. "Sisi watatu ni wazima, na ni kwa sababu yake yeye."

Hakumtazama Generosa alipolisema hilo. Ilikuwa bado mapema. Alivua koti, akaketi kwenye kochi kando ya mtoto, na simu ikiwa bado sikioni akangoja kaka yake ajibu.